Neno Jekundu



Liko neno moja la Kiingereza ambalo karani hulijua tangu siku yake ya kwanza ofisini, kabla hajajua hata mahali pawekwapo wino. Tarishi asiyeweza kusoma barua hulitambua kwa rangi yake, na mwendo wake hubadilika akilibeba. Neno hilo ni "urgent", yaani jambo lisilongoja, jambo litakalo kushughulikiwa sasa hivi. Hupigwa kwa muhuri wa wino mwekundu, hubandikwa juu ya jalada, tena huandikwa pembeni mwa barua kwa herufi kubwa na kupigiwa mistari miwili chini yake. Katika toleo hili twapenda kusema machache juu ya neno hilo, kwa kuwa tumeona ya kuwa limetumiwa ovyo hata limekaribia kufa. Nalo likifa, wako watu watakaoumia ambao wao wenyewe hawakupata kulitumia hata mara moja.

Kwanza tulitazame lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa yapata karne ya 15, na Wafaransa walilitoa katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kusukuma, kubana, kulemea. Basi kwa asili yake neno hili si la saa, ni la uzito. Jambo la namna hiyo humsukuma mtu mgongoni asiweze kukaa kitako. Sisi katika Kiswahili tuna maneno mengi ya jirani, wala hayako sawa yote. Haraka ni ya mwendo, na hima na upesi ni vivyo hivyo. Mtu aweza kufanya kwa upesi jambo lisilo na maana yo yote. Muhimu ni la thamani. Jambo laweza kuwa muhimu sana, na bado likangoja mwaka mzima bila kuharibika. Lakini dharura, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ndilo lililo karibu zaidi, maana lahusu haja ambayo mtu hana njia ya kuikwepa.

Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu waliifikiri sana dharura. Kanuni zao zimo katika Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Uturuki kilichotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876. Humo imekubaliwa ya kuwa dharura huhalalisha lile lililokatazwa. Lakini papo hapo kanuni nyingine inafuata, ya kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake, isivuke hapo. Kanuni ya kwanza kila mtu ofisini aijua na kuitumia. Ya pili imesahauliwa.

Tazameni meza ya karani ye yote asubuhi ya Jumatatu. Tuseme pana majalada 20, na katika hayo 14 yana kibandiko chekundu. Karani atafanyaje? Hawezi kuanza na yote 14. Basi hulitazama jina la aliyelileta, au huchukua lililo juu, au humsikiliza yule anayegonga mlango kwa nguvu zaidi. Kibandiko kimekwisha kazi yake. Ng'ombe wote wa kijiji wakipigwa chapa moja, chapa hiyo haimtambulishi ng'ombe wa mtu ye yote.

Imekuwaje tukafika hapa? Twaona sababu nne. Ya kwanza ni hofu. Mkubwa wa idara anamwogopa mkubwa wake, naye hataki kuonekana amelaza jambo. Hubandika kibandiko ili kujikinga, si kwa sababu jambo lenyewe lataka mbio. Ya pili ni uvivu uliojificha. Barua imekaa mezani kwa mwenyewe wiki tatu, na siku ya mwisho ilipofika akaikumbuka. Huipiga muhuri mwekundu na kuipeleka kwa karani saa ya kufunga kazi. Hapo deni la mmoja hulipwa na mwingine, naye mlipaji huenda kwake usiku, chakula kimepoa na watoto wamelala. Ya tatu ni cheo: wako wanaodhani ya kuwa jambo lao ni la haraka kwa kuwa ni lao. Ya nne twaitaja kwa aibu, maana yatuhusu sisi wenyewe. Wako makarani ambao kwao kibandiko chekundu kina bei, na jalada la mwenye kutoa chai hupanda juu ya majalada ya wasio nacho.

Dwight Eisenhower, Rais wa Marekani, aliposema mbele ya mkutano wa makanisa ya dunia huko Evanston mwezi wa Agosti 1954, alikumbusha maneno ya mkuu mmoja wa zamani wa chuo. Yule mkuu alikuwa na matatizo ya namna mbili: yale yasiyongoja na yale yaliyo muhimu, na yasiyongoja hayakuwa muhimu, wala yaliyo muhimu hayakuwa kamwe ya kutongoja. Wengi wamelipokea jambo hili kana kwamba ni sheria kamili. Sisi hatukubali yote, maana moto ukishika paa la nyumba ni muhimu, tena haungoji. Lakini kwa kazi ya meza kuna kweli kubwa ndani yake: lile lipigalo kelele hulifunika lile lililonyamaza.

Pengine mwanachama atasema, "Haya ni mambo madogo ya ofisi, karatasi ikichelewa hakuna anayekufa." Twamwomba asikilize habari mbili za kweli, na zote mbili ni habari za makarani.

Ya kwanza ni ya meli Titanic, mwezi wa Aprili 1912. Meli ile ilikuwa na makarani wawili wa simu ya upepo. Chombo chao kilikuwa kimeharibika safarini kwa saa kadhaa, na kilipotengenezwa walikuta simu za abiria zimerundikana: salamu, habari za biashara, maagizo ya mapokezi. Watu walikuwa wamezilipia, nazo zilitakiwa zifike. Siku ya tarehe 14 meli nyingine zilileta maonyo ya barafu, na baadhi yake yalifika kwa nahodha. Ilikuwako desturi ya simu za baharini kwamba habari ya kumhusu nahodha itanguliwe na herufi tatu, MSG; habari yenye herufi hizo hupelekwa kwa nahodha mwenyewe, naye hukiri kuipokea. Yapata saa 5 usiku karani wa meli Californian, iliyokuwa karibu, alipiga simu kusema ya kuwa wao wamesimama na wamezungukwa na barafu. Alisema kirafiki, kama mtu azungumzavyo na mwenzake, pasipo zile herufi tatu. Karani wa Titanic, akiwa katikati ya simu za abiria, alimjibu kwa ukali anyamaze, kwani ana kazi. Yule wa Californian akangoja kidogo, kisha akafunga chombo chake akaenda kulala. Alikuwa peke yake, hana wa kumpokea zamu. Saa 6 kasoro dakika 20 Titanic iligonga kilima cha barafu. Ilipoanza kuomba msaada, sikio lililokuwa karibu lilikuwa usingizini. Karani wa meli Carpathia, aliyekuwa mbali zaidi, alisikia kwa kuwa alikuwa akijitayarisha kulala lakini hajavivua vyombo vya masikioni. Titanic ilizama saa 8 na dakika 20 usiku. Watu 1,500 hivi walikufa. Carpathia iliwaokoa zaidi ya 700.

Hatusemi haya ili kuwashutumu vijana wale. Karani mkuu wa simu wa Titanic alikaa chomboni akiomba msaada mpaka maji yakaingia, naye hakuokoka. Walikuwa watu wa kazi kama sisi, wenye rundo mbele yao. Lakini angalieni jambo lenyewe: simu za salamu ziliheshimiwa kwa kuwa zimelipiwa, na onyo la barafu halikuheshimiwa kwa kuwa halikuwa na alama. Baada ya msiba ule mataifa yalikutana London, na katika mapatano ya Januari 1914 ikaamriwa kwamba meli kubwa za abiria ziwe na zamu ya kusikiliza simu usiku na mchana. Baadaye kanuni za simu za baharini zikazipanga habari za hatari katika daraja tatu: kwanza wito wa mtu aliye katika hatari ya kupotea, na wito huo hunyamazisha mengine yote, pili habari ya haraka juu ya usalama wa chombo au wa mtu, kama vile mgonjwa melini, tatu maonyo kwa wasafiri, kama dhoruba. Wala mtu haruhusiwi kutoa wito wa daraja ya kwanza kwa mchezo. Mabaharia walijifunza kwa maiti 1,500 ya kuwa alama ya haraka ni amana.

Habari ya pili ni ya tarehe 7 Desemba 1941. Asubuhi hiyo huko Washington, Jenerali Marshall aliandika onyo kwa majemadari wa Marekani wa mbali, likiwamo jeshi la kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ya kuwa Wajapani wako karibu kutenda jambo, basi wajihadhari. Simu ya upepo ya jeshi haikushika Hawaii asubuhi ile, kwa hali ya hewa. Basi onyo lilipelekwa kwa simu za kampuni, kama simu ya mfanyabiashara ye yote. Lilitolewa Washington saa 6 mchana, nalo likafika Honolulu saa 1 na dakika 33 asubuhi kwa saa za huko, zisizopungua dakika 20 kabla ya saa 2 kasoro dakika 5, ambapo mabomu yalianza kuanguka juu ya Pearl Harbor. Lakini juu ya bahasha hapakuwa na alama yo yote ya kuonyesha ya kuwa imetangulia nyingine. Ikawekwa katika fungu lake pamoja na nyingine, na tarishi kijana akaibeba kwa pikipiki kwa zamu yake, kupitia njia zilizojaa askari na moshi. Ilifika makao ya jeshi saa 6 kasoro robo mchana. Ilipofumbuliwa na kuwekwa mbele ya jemadari ilikuwa saa 9 hivi, vita vimekwisha siku ile na wafu wanahesabiwa. Dakika zile 20 labda zisingaliokoa mengi. Hilo wenye kujua vita wabishane. Sisi watu wa kalamu twaona jambo moja tu: karatasi pekee ya siku ile iliyostahili kibandiko haikuwa nacho.

Basi kasoro ni mbili, nazo ni ndugu. Kukibandika pasipo haja, na kutokibandika penye haja. Ya kwanza huzaa ya pili, kwani mtu aliyezoea kuona wekundu kila siku hawezi tena kustuka.

Sasa nani apewe nafasi ya kwanza? Jibu zuri tumelipata kwa daktari. Dominique Larrey alikuwa mganga mkuu katika majeshi ya Napoleon. Kabla yake ilikuwa jambo la kawaida mwenye cheo ahudumiwe kwanza. Larrey aliagiza kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, bila kutazama cheo chake. Na aliyeumia kidogo angoje, hata akiwa afisa, mpaka waliokatika viungo wamefungwa. Jambo hilo aliliandika katika kumbukumbu zake, na hospitali za dunia zafuata kanuni hiyo. Haraka hufuata hatari, haifuati cheo. Ikiwa Larrey aliweza kusema hivyo katikati ya mizinga, mbele ya majemadari, sisi twashindwaje kusema hivyo kwa adabu mbele ya meza?

Nasi hatuna haki ya kuwafundisha wengine kabla ya kuungama letu. Katika ofisi moja tuliyofanya kazi zamani, ambayo hatutaitaja, palikuwa na tarishi mzee aliyestaafu baada ya kutumika miaka mingi. Kiinua mgongo chake kilingoja jambo dogo: kuhakikisha tarehe aliyoandikwa kazini, na sahihi moja. Kila wiki alikuja akaketi katika benchi la nje, kofia juu ya magoti. Tulipopita tulimwambia, "Shikamoo mzee", naye akaitikia, "Marahaba wanangu, je, bado?" Nasi tukajibu, "Bado mzee, njoo wiki ijayo." Tulimjibu kwa heshima, na kwa kweli tulimpenda, alikuwa ametubebea mafaili tangu tulipokuwa vijana. Lakini jalada lake halikuwa na kibandiko, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa aliyeuliza habari zake. Juu yake yalipita majalada mekundu ya mapazia ya ofisi, ya orodha ya wageni wa karamu ya chai, na ya kibao cha mlangoni kilichokosewa herufi. Yote yalikuwa "urgent", nasi tuliyatenda yote kwa wakati, tukasifiwa. Siku jalada la mzee lilipofunguliwa, kazi yake haikuchukua hata robo saa. Fedha ilipokelewa na mjane wake.

Hakuna aliyetukataza kulifungua mapema. Hakuna aliyetuhonga tulifiche. Hatukumdhulumu kwa nia mbaya, tulifuata rangi tu. Tangu siku ile, ndugu zetu, hatuwezi kuliona neno lile jekundu bila kuliona na benchi lile.

Wako watakaosema ya kuwa karani hana amri. Kazi yake ni kutii kibandiko, si kukipima. Ni kweli ya kuwa amri ni ya mkubwa, wala hatumshauri mtu kuivunja. Lakini karani ndiye ajuaye kilichomo katika rundo. Mkubwa huona jalada moja, lile alilolishika. Karani huyaona yote 20. Asiponena, mkubwa atajuaje? Kunyamaza hakumwongezi karani utii. Humnyima mkubwa habari aliyostahili kuipata.

Wengine watatukumbusha ya kuwa haraka haraka haina baraka. Nasi twajibu ya kuwa wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujipinga wenyewe. Walijua ya kuwa yapo mambo ya kwenda polepole na yapo ya kukimbilia, na akili ni kuyatenga.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya, tukiwaomba wanachama wayazungumze katika mikutano ya matawi:

Kwanza, mwenye kupiga muhuri mwekundu aandike pamoja nao siku na saa ambayo jambo lahitajiwa, na kwa maneno machache ni nani atakayepata hasara likichelewa. Asiyeweza kuandika hayo, jambo lake si la haraka. Muhuri usio na tarehe ni kelele.

Pili, karani akipewa matano yote mekundu kwa mara moja, ayachukue yote matano mpaka kwa mkubwa wake na kumwuliza kwa adabu, "Bwana, katika haya lipi litangulie?" Twawahakikishia, kwa tuliyoyaona, ya kuwa aghalabu mkubwa mwenye akili hacheki wala hakasiriki, huyapanga, na mara nyingi mawili huyarudisha mezani kwake.

Tatu, mtu asikubali zawadi wala chai kwa ajili ya kupandisha au kushusha jalada. Anayelipandisha la mmoja kwa shilingi amewashusha wote wengine, hata kama hakuwataja majina yao.

Nne, mahali penye habari za maisha ya watu, kama hospitali, polisi, bandari, reli na posta, pasiwe na saa isiyo na sikio. Wa zamu asiondoke mpaka mwenziwe amefika na kuambiwa kwa mdomo lililobaki.

Tano, na hili ndilo tulipendalo kupita yote: kila Ijumaa, kabla ya kufunga kazi, karani alitoe jalada lililo chini kabisa ya rundo, lile lisilo na rangi, alifungue na kulisoma. Hasa yale ya mishahara iliyokawia, ya pensheni, ya ruhusa za wagonjwa, ya ada za watoto wa shule. Mara nyingi atakuta ya kuwa lataka robo saa tu.

Shauri hili la tano halitaki amri mpya wala fedha ya Serikali, wala halimpunguzii mtu heshima yake. Lataka robo saa moja kwa wiki. Nasi tumeanza kulifanya mezani petu wenyewe. Ijumaa iliyopita jalada la chini lilikuwa la mpishi wa shule aliyedai mshahara wa siku 11. Limekwisha.

Haya, shime ndugu zetu. Jumatatu i karibu, na benchi la nje bado lina watu.

Wasalaam,
MHARIRI